Mshahara wa dola, pagale la Kigamboni na nauli ya shilingi 5,000

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31. Nacheza kiungo katika klabu moja ya nchi ya Kiarabu na huu ni msimu wangu wa tatu huku. Kabla ya hapo nilicheza Ligi Kuu nyumbani kwa miaka saba. Nina mke na watoto wawili, wanaishi Dar es Salaam.

Mwezi wa sita nilirudi likizo, nikaenda Muheza kumzika mjomba. Watu walipoanza kutawanyika makaburini, mtu mmoja mwembamba alinishika mkono. Nilidhani ni mzee, kumbe hana hata miaka 50. Shangazi, nilipomtambua magoti yaliniishia nguvu. Alikuwa winga wa timu ya taifa nilipokuwa shule ya msingi. Niliwahi kuandika namba yake kwa mkaa mgongoni mwa shati langu la shule, mama akanichapa. Siku ile makaburini aliniomba nauli ya kurudi Tanga mjini, shilingi 5,000. Nikampa 50,000. Hakuzihesabu, alizikunja haraka akatia mfukoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, na mimi nilikuwa nawapa."

Tangu siku ile silali vizuri.

Mshahara wangu ni dola 7,000 kwa mwezi, kama milioni 17 na nusu za kwetu. Nyumba nalipiwa na klabu. Nikikupangia matumizi yangu utaniona mjinga lakini naomba nikwambie ukweli. Ghorofa ninalojenga Kigamboni linakula milioni 5 kila mwezi na bado halijapauliwa. Mkopo wa Prado ni milioni 3.2. Mke na watoto milioni 2.5 pamoja na kodi. Mimi huku milioni 2. Ada za watoto sita wa ndugu zangu, ukizigawa kwa mwezi, ni laki 9. Mama laki 6. Michango ya harusi, misiba na hospitali haipungui milioni 1.2. Halafu kuna kaka yangu mkubwa. Nilimnunulia Fuso mbili ili zituletee pesa wote, zimeandikwa jina lake. Huu mwaka wa pili sijaona hesabu, bali kila mwezi naombwa kama milioni 1.8 ya matairi, injini au faini. Benki nina milioni 11 tu.

Mkataba wangu umebakiza miezi 16. Mwaka jana nilipasuliwa goti. Klabu imeanza kuchelewesha mishahara, safari moja ilipita mwezi mzima. Mke wangu ananiambia nisimamishe kila kitu. Mama ananiambia nisisahau nilikotoka. Rafiki yangu ananiambia nitoe milioni 40 niingie naye kwenye mgodi wa dhahabu Chunya, eti nikistaafu nakuta mgodi unanilipa.

Nina maswali matatu. Inakuwaje hata wale wa Marekani wanaolipwa mamilioni ya dola wanafilisika? Kaka yangu nimwambie nini bila kuvunja undugu? Na yule winga, nimfanyie nini?

Kiungo, ughaibuni

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa mjomba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimejumlisha ulivyoviandika: milioni 17.2 zinatoka kila mwezi kati ya 17.5 zinazoingia. Hujataja pombe wala kamari, wala wanawake wa nje. Kila ulichokiandika ni kitu ambacho mzazi angejivunia kwa mwanawe, na ndiyo maana nimeona nikujibu kwa kirefu. Watu wakisikia mchezaji kafilisika husema aliendekeza starehe. Wapo wa hivyo, ila wengi wanaishiwa kwa mambo ya heshima kama haya yako, nyumba, mama, kaka, ada za watoto.

Nilikaa dirisha la mikopo benki miaka 22 kabla ya kuanza safu hii. Nilichojifunza pale ni kumuuliza mtu mshahara wake utaisha lini kabla sijamuuliza ni kiasi gani. Mwalimu anayelipwa laki 8 alipata mkopo kwangu kwa urahisi kwa sababu nilijua atalipwa mpaka afike miaka 60. Wewe unalipwa zaidi ya mara ishirini yake, lakini kwa miezi 16, na goti lako limeshaguswa na kisu. Mshahara wako una tarehe ya mwisho. Majukumu uliyojipa hayana tarehe: mama atakula baada ya miezi 16, watoto sita watasoma, benki itadai Prado. Tatizo lako lote liko hapo, na ndilo la wale wa Marekani pia.

Nianze nao kwa kuwa umeuliza. Mwaka 2015 wachumi wanne walitoa utafiti kuhusu wachezaji wa NFL, ligi yao ya mpira wa Kimarekani, waliosajiliwa na timu kupitia mchujo wa mwaka 1996 hadi 2003. Ndani ya miaka 12 baada ya kustaafu, karibu asilimia 16 walikuwa wameomba mahakama iwatambue kuwa wamefilisika. Hilo peke yake linatisha, lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba kulipwa vizuri na kucheza muda mrefu hakukuwakinga sana. Waliopata nyingi walianguka karibu sawa na waliopata kidogo. Kwa hiyo usijiambie kwamba ungepata klabu ya dola 20,000 ungekuwa salama. Ungejenga ghorofa tatu badala ya moja, na watoto wa ndugu wangekuwa kumi na wanne.

Mike Tyson alipata zaidi ya dola milioni 300 ulingoni. Mwaka 2003, akiwa na miaka 37, alifilisika akiwa na madeni ya takriban dola milioni 23. Yule wengi wanamfahamu. Mimi nataka umtazame Antoine Walker, kwa sababu anafanana na wewe. Alicheza kikapu NBA, akawa bingwa na Miami Heat mwaka 2006, na mishahara yake yote ilizidi dola milioni 108. Alimjengea mama yake nyumba, akabeba ndugu na marafiki, kisha akaingia biashara ya majengo Chicago, akiweka saini yake mwenyewe kuwa mdhamini wa mikopo. Soko la nyumba lilipoanguka Marekani, benki zilimfuata yeye. Mwaka 2010 alifilisika, na pete yake ya ubingwa ikauzwa. Huyu naye alikuwa akiwekeza, akifanya hasa kile ambacho kila mtu huwaambia wachezaji wafanye.

Ndiyo maana sipendi ushauri wa "wekeza, wekeza" unaotolewa bila maelezo. Mchezaji anawekeza akiwa uwanja wa ndege, akiwa kambini, akiwa amelala na barafu gotini. Fuso inataka mtu anayejua dereva kalala wapi na dizeli imeshuka kwa lita ngapi. Mgodi wa Chunya ndiyo kabisa, unataka uwepo shimoni mawe yanapotoka, la sivyo utaambiwa mawe hayakuwa na kitu, na hutakuwa na namna ya kubisha. Kwa mtu ambaye hayupo, biashara ya namna hiyo ni mchango mwingine wa kila mwezi. Usitoe hiyo milioni 40. Rafiki yako mjibu leo hii, kwa upole na kwa neno moja, maana ukimwambia "ngoja nifikirie" atakufuata mpaka mkataba uishe.

Unachoweza kuwekeza ukiwa mbali ni kile kinachojiendesha bila wewe. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zinauzwa na Benki Kuu kwa minada, unaanza na shilingi milioni 1, riba inaingia kwenye akaunti yako kila miezi sita na hakuna wa kukupigia simu kwamba tairi limepasuka. Ukitaka pesa unayoweza kuichukua ukiihitaji, iko mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, ambayo ipo tangu mwaka 2005. Hazisisimui, najua. Hakuna mtu atakayekusifia kijiweni kwa kuwa na hatifungani.

Hebu tupige hesabu. Ukisimamisha ujenzi, ukaachana na Prado, na ukaacha kulisha zile Fuso, unaokoa milioni 10 kwa mwezi. Kwa miezi 16 ni milioni 160. Tuseme umeziweka kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kiwango cha kupigia hesabu tu, maana kila mnada una chake. Ni milioni 19.2 kwa mwaka, yaani milioni 1.6 kila mwezi, hata kama hutapiga tena mpira. Huo si mshahara wa nyota. Ni chakula cha wanao na posho ya mama, na unazidi mshahara wa walimu wengi wa nchi hii. Ukiendelea kama sasa, siku hiyo hiyo utakuwa na ghorofa lisilokamilika, gari lenye deni, na milioni 16 benki kama goti litakaa sawa.

Kuna mchezaji wa besiboli anaitwa Bobby Bonilla. Klabu yake, New York Mets, ilikuwa inadaiwa naye dola milioni 5.9 ilipoachana naye mwaka 2000. Badala ya kuchukua zote, alikubali alipwe kidogo kidogo na riba yake: dola milioni 1.19 kila tarehe 1 Julai, kuanzia 2011 mpaka 2035, atakapokuwa na miaka 72. Mashabiki wa Mets huicheka klabu kila ikifika tarehe hiyo. Mimi humfikiria mwanamume aliyekaa kitako akakubali kuwa mpira utaisha na tumbo litabaki. Klabu yako haitakupa mkataba wa hivyo, ila unaweza kujitengenezea wako kwa kila mshahara unaoingia.

Sasa jambo ambalo wachezaji wetu hawaambiwi. Ili NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikulipe pensheni ya uzee ya kila mwezi, unatakiwa uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15. Ni wanasoka wangapi wanacheza miaka 15 wakiwa wameandikishwa kila mwezi? Halafu pensheni yenyewe inaanza miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima, wakati wewe miguu itastaafu ukiwa na 34 au 35. Hapo katikati kuna miaka 20 mitupu. Miaka hiyo ndiyo iliyomla yule winga. Nenda NSSF uombe taarifa ya michango yako ya ile miaka saba ya nyumbani. Kama klabu ilichanga yote, una miezi 84, umebakiza 96, na unaweza kuendelea kama mwanachama wa hiari hata ukiwa ughaibuni. Kama utakuta mapengo, heri uyajue sasa na mikataba yako ungali nayo mkononi.

Kuhusu mishahara inayochelewa, usikae kimya kwa aibu ya ugeni. Kanuni za FIFA zinasema klabu isipokulipa mishahara ya angalau miezi miwili, na wewe ukaiandikia rasmi ukiipa siku 15 ilipe, isipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai haki yako. Weka kila karatasi ya malipo. Dai likikaa zaidi ya miaka miwili FIFA hawalisikilizi.

Sasa kaka yako.

Sitakwambia ni mwizi, kwa sababu simjui na wewe hujaniambia hivyo. Inawezekana kabisa pesa zote ameziingiza kwenye matairi. Mtu aliyepewa gari na mtu mwenye pesa hana sababu ya kujifunza biashara, kwa kuwa kila likiharibika liko simu. Umemfanya mtegemezi huku ukidhani umempa kazi, na hilo ni kosa lako pia. Kwa hiyo usiende kudai hesabu za miaka miwili. Hamtazipata, mtagombana, na mama atalia.

Mwambie hivi: "Kaka, Fuso moja ni yako kabisa, nimekupa, faida yako na hasara yako. Ya pili tunaiuza mwezi huu kabla mkataba wangu haujaisha." Mwambie mkiwa wawili, kisha urudie mbele ya mama na wajomba ili isije ikageuzwa maneno. Mauzo ya Fuso ya pili, na chochote kitakachobaki baada ya kuuza Prado na kufuta deni, kipeleke Kigamboni kwa kazi moja tu: fundi akamilishe chini, mke na watoto wahamie, kodi ikome. Nondo za juu ziache zikae. Najua utaona haya watu wakilipita pagale la kiungo wa taifa zima. Acha walipite.

Ukimaliza hayo, chochote utakachonunua kiandikwe jina lako au lako na la mkeo. Wosia uandike, RITA, wakala wa serikali wa ufilisi na udhamini, wanaandika na kuhifadhi. Na usimpe mtu mmoja, hata awe mwadilifu kiasi gani, kazi ya kukushauri na ya kushika pesa kwa pamoja. Tim Duncan, bingwa wa NBA mara tano, kijana mtulivu asiye na makuu kabisa, alipoteza mamilioni ya dola kwa mshauri wake wa miaka mingi, ambaye mwaka 2017 alifungwa miaka minne.

Nimebakiza ukoo. Mimi ni shangazi wa watu, nimekaa kwenye vikao hivyo miaka yote na nitakwambia kinachosemwa ukiwa haupo. Hakuna anayekutakia mabaya. Ila hakuna anayejua kwamba umebakiza miezi 16! Wanaona picha ya jezi na uwanja wenye taa. Wewe ndiye uliyewaficha, kwa sababu kusema "pesa itaisha" kunaonekana kama kujitabiria mabaya, au kama ubahili. Bandu bandu huisha gogo, na wanaobandua hawajui gogo lina ukubwa gani. Itisha kikao, hata cha simu, uwatajie tarehe. Waambie: watoto sita walioanza tutawamalizia madarasa waliyopo, ada naipeleka shuleni moja kwa moja, sichukui mtoto mwingine. Posho ya mama haiguswi. Misiba na harusi, natoa laki 6 kwa mwezi, nampa mama na dada yetu mkubwa wao wagawe, zikiisha tunasubiri mwezi ujao. Wiki ya kwanza watanuna. Wiki ya pili watamwendea mama badala yako, na mama, akishaona mfuko ulivyo mdogo, atakuwa mkali kuliko wewe. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Naye ukimweleza tarehe, ataacha kukuambia usisahau ulikotoka. Anadhani unapanda, mama wa watu, hajui unakaribia kushuka.

Na mke wako ameshakuambia haya yote bure. Mpigie leo.

Yule winga umeniuliza mwisho lakini naona ndiye aliyekufanya uandike. Usimtumie pesa nyingi. Zitamfikisha mwezi mmoja na zitamdhalilisha. Mlipie bima ya afya ya mwaka, hiyo haiombwi wala haionekani mkononi. Kisha likizo ijayo nenda Tanga, ukae naye jioni nzima, umuulize mwaka wake wa kwanza bila mpira ulikuwaje: nani aliacha kumpigia simu kwanza, kitu gani aliuza kwanza, na alitamani mtu gani angemwambia nini alipokuwa na miaka 31. Hakuna benki wala shangazi anayelijua jambo hili kama yeye, na nadhani tangu aache mpira hajaulizwa. Ukiweza, nenda na wenzako wawili wa kikosi walio chini ya miaka 25, na mkitoka mumlipe siku yake kama mnavyomlipa kocha.

Shangazi